Takaful: Fedha za Nani, Hasara ya Nani?

Wengi wakisikia takaful hudhani ni bima ileile iliyopewa jina la Kiarabu. Kwa dhana hiyo wengine huikimbia, na wengine huikata bila kuuliza lolote. Tofauti ipo, tena ya msingi, lakini haionekani kwenye nembo wala kwenye tangazo. Inaonekana ukiuliza mambo mawili: fedha za mfuko ni za nani, na hasara ikitokea anaibeba nani?

Katika bima ya kawaida unanunua ahadi. Unalipa ada, na kampuni inajitwika hatari yako. Ukipatwa na ajali inakulipa. Usipopatwa, ada imekuwa yake. Wanazuoni wa Kiislamu wanaoupinga mkataba huu hutaja gharari, yaani mashaka katika mkataba, kwa kuwa unalipa bila kujua kama utapata kitu, lini na kiasi gani. Hutaja pia kamari, na riba inayotokana na hatifungani na amana ambako fedha za bima huwekezwa. Mwaka 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliamua mjini Jeddah kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu haifai, na mbadala wake ni bima ya ushirika. Si wanazuoni wote waliafiki: Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria aliona mkataba wa bima wenyewe unajuzu, mradi usiingizwe riba.

Takaful inabadilisha mkataba. Unachotoa ni mchango wa kusaidiana, tabarui, unaoingia katika mfuko wa wachangiaji. Kampuni ni wakili anayeusimamia kwa ujira unaojulikana tangu mwanzo, na fedha huwekezwa katika shughuli za halali chini ya uangalizi wa bodi ya Sharia.

Tufanye hesabu ya mfano. Wenye magari 1,000 wanachanga shilingi 60,000 kila mmoja. Jumla milioni 60. Ujira wa wakili ukiwa asilimia 25, zinaondoka milioni 15 na kubaki milioni 45. Mwaka unaisha fidia na gharama nyingine za mfuko zikiwa milioni 40. Zile milioni tano zilizosalia, kwenye bima ya kawaida, ni faida ya wanahisa. Kwenye takaful ni ziada ya wachangiaji: hugawiwa, hupunguza mchango wa mwaka unaofuata au huwekwa akiba, kama mkataba unavyosema. Na fidia zikifika milioni 50? Mfuko umepungukiwa. Hapo kampuni huukopesha bila riba, qardhi hasana, na deni hulipwa kwa ziada za miaka ijayo.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Sudan ilianzisha kampuni ya bima ya Kiislamu mwaka 1979. Kenya ilipata kampuni yake ya kwanza ya takaful mwaka 2011, na baada ya muda mfupi wafugaji wa Wajir wakaanza kukata takaful ya mifugo. Huko hakuna anayetumwa kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wachangiaji wa eneo hilo hulipwa. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walipokea fidia kwa utaratibu huo.

Kwa familia, jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi ni takaful ya familia, inayoshika nafasi ya bima ya maisha. Kwa kawaida mchango hugawanywa mafungu mawili: sehemu ni akiba yako inayowekezwa, sehemu ni tabarui ya kuwasaidia wafiwa. Sasa fikiria baba amefariki na kwenye fomu aliandika jina la mke mmoja tu. Je, fedha zote ni za mke huyo, au yeye ni mwaminiwa wa kuzifikisha kwa warithi wote kwa mafungu ya mirathi? Nchi hazifanani. Sheria ya Malaysia ya mwaka 2013, kwa mfano, inamruhusu mchangiaji kumwachia aliyemtaja kama hiba yenye masharti. Kwa hiyo jambo hili liulizwe kabla ya kutia saini, mke na watoto wakiwapo. Msibani si mahali pa kusomea mkataba kwa mara ya kwanza.

Ukienda kukata takaful, uliza: ujira wa wakili ni asilimia ngapi? Je, wakili anachukua pia sehemu ya ziada? Nani wamo kwenye bodi ya Sharia? Fedha zinawekezwa wapi? Nikijitoa katikati narudishiwa nini? Kisha soma yasiyofidiwa, maana takaful nayo ina mipaka na masharti. Msione haya kuuliza. Msimamizi anayestahili amana yenu atafungua hesabu na kuwajibu, kwa sababu fedha anazozishika ni zenu.