Kuta za udongo chini ya miwa

Anayesafiri leo kutoka Kakamega kwenda Mumias huona miwa, mahindi, mapaa ya bati na bodaboda zilizopakia magunia. Wageni waliopita huku katika miaka ya 1880 na 1890 walisimulia mandhari tofauti kabisa: vijiji vilivyozungushiwa ukuta mnene wa udongo, na nje ya ukuta handaki la kumzuia adui. Mskoti Joseph Thomson alifika Kwa Shiundu mwaka 1883. Jina hilo lilikuwa la Nabongo (mfalme) Shiundu wa Wanga, babake Mumia, na watu wa Pwani ndio waliolizoea. Misafara yao ya pembe za ndovu ilitua hapo kununua chakula na kupumzika.

Kuta hizo ziko wapi? Mvua za magharibi ya Kenya hazina huruma kwa udongo usiokarabatiwa, na vita vilipokwisha hakuna aliyekuwa na sababu ya kuukarabati. Majembe yakasawazisha kilichobaki. Kisha kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973, yakaja matrekta. Pwani imebahatika: matumbawe na chokaa husimama hata mwenyewe akihama, ndiyo maana mtoto wa shule Kakamega anayajua magofu ya Gede huko Pwani lakini hajui kama babu wa babu yake aliishi ndani ya boma.

Hata hivyo, ni Pwani hiyohiyo iliyoonyesha kwamba udongo nao una kumbukumbu. Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, kina magofu ya mji wa karne ya 14 hadi ya 16, wenye nyumba za mawe na misikiti. Kwa muda mrefu macho yote yalikuwa kwenye mawe. Tangu mwaka 2009 kundi lililoongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher liligeukia viwanja vilivyoonekana vitupu. Walipima sumaku ya ardhi, wakachimba mashimo madogo na kupeleka udongo maabara. Katika uwazi ule zikatokea dalili za nyumba za fito na udongo, na za kazi zilizofanyika nje. Mji ulikuwa na watu wengi kuliko majumba yake ya mawe yalivyodai.

Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa ya akiolojia ya Afrika Mashariki, kuliko kaure yoyote ya China iliyofukuliwa. Kama nyumba ya kukandika inasomeka Songo Mnara, itashindwaje kusomeka huku Kabras, Kakamega?

Kinachosomeka si ukuta wenyewe. Handaki likishajaa, udongo uliojaa humo hubaki laini na wenye unyevu kuliko wa pembeni, kwa hiyo wakati wa kiangazi mimea iliyo juu yake huweza kubaki kijani wakati mingine inanyauka. Jiko lililowaka miaka mingi, au nyumba iliyoungua, huacha udongo wenye sumaku ambayo kipimo huinasa bila jembe kugusa ardhi. Zizi la ng'ombe huacha fosfori. Mifupa ni shida, maana udongo wetu mwekundu una asidi inayoila. Lakini majani ya migomba na ya nafaka yana chembe ndogo za silika zisizooza, na chini ya hadubini chembe za mgomba hutambulika. Hata kaboni ya udongo husema: nyasi, mtama na wimbi huacha alama tofauti na ile ya miti ya msituni, kwa hiyo mtafiti anaweza kutambua shamba la leo lilikuwa msitu au malisho.

Ugumu uko kwa wenye mashamba, na ninawaelewa. Tangu dhahabu ilipovuta wazungu kwa mamia huku mwanzoni mwa miaka ya 1930, mgeni anayepima ardhi Kakamega huulizwa swali moja tu: je, anatafuta dhahabu? Ukimwambia mzee wa Isukha kwamba unatafuta zizi la kale, atakukaribisha chai, na jirani zake watahesabu gramu.

Kwa hiyo ningeanzia ofisini. Mradi wa BIOTA, uliofanya utafiti katika Msitu wa Kakamega kati ya 2001 na 2010, ulitumia picha zilizopigwa kwa ndege kuanzia mwaka 1948, pamoja na za setilaiti, kufuatilia jinsi msitu ulivyopungua. Waliosoma picha hizo walikuwa wakitafuta miti. Picha za zamani za namna hiyo, zilizopigwa kabla ya miwa kufunika Wanga, zinafaa kuangaliwa upya na mtu anayetafuta duara: alama hafifu ya handaki, njia za ng'ombe zinazokutana mahali ambapo leo hapana lango. Kazi hiyo haihitaji kibali cha kuchimba wala haiharibu mahindi ya mtu. Ikishapatikana ramani, ndipo mtu abishe hodi shambani na kipima sumaku, akiwa na karatasi ya kumwonyesha mwenye shamba anachokitafuta.