Je, Wajua? Alama za wodini na pengo la rangi

Je, wajua kwamba tofauti ndogo ya alama wodini inaweza kumfungia daktari mtarajiwa milango? Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wa udaktari wa chuo chao wenyewe. Waliangalia alama ambazo madaktari wasimamizi huwapa wanafunzi wanaojifunza kazi kwa kuhudumia wagonjwa.

Wanafunzi wa jamii zenye madaktari wachache Marekani, wakiwemo Weusi na Walatino, walizidiwa na wenzao kidogo tu katika alama hizo. Lakini daraja la juu kabisa walilipata karibu nusu ya mara ambazo wenzao walilipata, na uwezekano wao wa kuteuliwa Alpha Omega Alpha, chama cha heshima cha udaktari cha tangu 1902, ulikuwa mdogo mara tatu.

Imekuwaje? Daraja la juu hupewa wachache, kwa hiyo aliyepungukiwa kidogo hubaki nje ya mstari sawa na aliyepungukiwa sana. Tena alama zenyewe hutegemea sana jinsi msimamizi alivyomwona mwanafunzi, pengine kwa siku chache. Hapo upendeleo hupenya hata bila mtu kukusudia.

Madaraja hayo hutazamwa mhitimu anapoomba nafasi ya ubingwa, hasa fani zinazogombewa kama upasuaji. Nayo sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni Marekani, tangu Januari 2022, hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu. Kwa hiyo alama za wodini zimezidi kuwa na uzito.