Misimu: Maneno ya Mitaani na Maana Zake

Mhariri ameniomba nieleze maneno ambayo vijana wetu huyasema uwanjani wakati wa mapumziko, nasi wakubwa tukabaki tukitazamana. Wataalamu wa lugha huyaita misimu. Hapa kwetu Bashay msimu ni wakati wa kupanda au wa kuvuna vitunguu saumu, na jina hilo lafaa sana, kwa kuwa maneno haya nayo huja kwa wakati wake, hustawi, kisha mengi hukauka.

Nianze na ya shule. Mgeni wa Kidato cha Kwanza huitwa njuka. Mwenye akili nyingi ni kipanga, kama yule ndege ashukaye mara moja akanyakua kifaranga; mzito wa kuelewa ni kilaza. Hoja nzito za kujibia mtihani ni nondo, yaani vile vyuma vya kujengea ghorofa, na mwenye kuzitoa "anashusha nondo" kana kwamba anapakua lori. Atorokaye kazi ya mikono amekula kona. Lakini mimi nalipenda zaidi neno kuchacha. Chakula kikilala huchacha, kisifae tena. Basi mtu aliyeishiwa fedha naye amechacha, hana ladha kwa rafiki zake! Aliyelibuni neno hilo alikijua Kiswahili barabara.

Wala mchezo huu si wa leo. Katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru, wakubwa waliotembelea magari ya Mercedes-Benz waliitwa Wabenzi, kama vile ni kabila, mfano wa Wahehe au Wagogo. Waafrika walioshika vyeo vya Wazungu waliitwa manaizi, neno lililokatwa kutoka "Afrikanaizesheni". Leo ukimtajia kijana naizi atadhani ni ugonjwa wa kuku. Daladala halikufa. Mwaka 1983 Serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kuchukua abiria Dar es Salaam, nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, makondakta wakapiga kelele "dala, dala!" Sasa neno hilo limo katika kamusi. Machinga nalo vivyo hivyo: Wamachinga ni watu wa Lindi, lakini leo kila atembezaye bidhaa ni machinga, hata awe Mwiraqw wa Dongobesh.

Maneno ya fedha yataka uangalifu. Wanunuzi wa vitunguu saumu huja toka mijini, nao huhesabu kwa lugha yao: jero ni shilingi 500, buku ni 1,000, na msimbazi ni noti ya 10,000, kwa kuwa ni nyekundu kama jezi za Simba, timu ya Mtaa wa Msimbazi. Mama aliyejifunza Kiswahili ukubwani, akiambiwa "buku mbili na jero kwa kilo", aweza kuitikia kwa adabu tu bila kufahamu amekubali bei gani. Mtoto aliye karibu naye na amfasirie, tena kwa Kiiraqw.

Na watoto wenyewe hawajasalimika. Kiiraqw si lugha ya Kibantu bali ni ya Kikushi, na wengi wetu Kiswahili tulikipata shuleni. Mtoto wa Temeke amezaliwa ndani ya Kiswahili; ajua lipi ni la mzaha na lipi ni la kumwambia mkwe. Mtoto wetu huyaokota yote siku moja, hili kitabuni na lile katika simu, wala hayana alama ya kuyatenganisha.

Ndiyo maana katika zoezi la barua rasmi nilikuta haya: "Ndugu Mkuu wa Wilaya, tunaomba msaada wa kisima kwa sababu kijiji chetu kimechacha." Mwandishi hakukusudia mzaha hata kidogo. Barua yake ilipangwa vizuri, na hoja zake zilikuwa za kweli. Nilipiga mstari chini ya neno moja tu, nikaandika pembeni, "hakina fedha". Alipopokea daftari alinifuata mlangoni akauliza, "Mwalimu, kwani hilo nalo ni la mitaani?"