Betri hii haianikwi juani

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba ukungu wa mlima Shengena uliinuka mapema, na jua likaingia uani kwa mama, huku Chome, Upareni, kabla hatujamaliza chai. Mama alikuwa ameshaanika maharage kwenye ungo. Nilipoinama kuokota kijiwe niliona kitu kimelazwa katikati ya maharage: betri ya duara, nene kama kidole gumba, ganda lake la plastiki la kijani limechanika upande mmoja hadi chuma kinaonekana.

"Hiyo ya mjukuu wangu," mama alisema. "Jana alisema imekufa. Ikipata jua itashika kidogo."

Niliiokota. Ilikuwa na uvuguvugu wa jua tu, haikuwa imevimba wala kunuka. Niliiweka peke yake juu ya jiwe kivulini, mbali na nyumba, kisha nikaketi, maana miguu ilikuwa imelegea.

Sikuwa na sababu ya kumlaumu mama. Sote tuliozaliwa zama za redio ya mbao tulilelewa hivyo. Betri za redio zilikuwa zile kubwa za zinki na kaboni, volti moja na nusu, na zilipochoka tulizipanga juu ya bati kama dagaa. Joto liliiamsha kemia iliyobaki ndani, na jioni redio ilisikika tena mpaka taarifa ya habari iishe. Nyingine tulizing'ata, au tukazigonga kwenye jiwe. Zilipokufa kabisa tulizipasua, tukachukua unga mweusi kwenda kupakia ubao wa darasani. Kilichotupata ni vidole vyeusi na fimbo ya mwalimu kwa kuchafua shati. Kizazi kizima kilijifunza kwa mikono yake kwamba betri ni kitu kisicho na madhara.

Hii iliyokuwa kwenye ungo ni ya ukoo mwingine. Mafundi huiita seli ya 18650, na hilo jina ni vipimo vyake: milimita 18 upana, milimita 65 urefu. Ndiyo inayokaa ndani ya tochi nyingi za kuchaji, ndani ya pakiti za laptopu za zamani, spika za kubeba, pawabenki, na sasa ndani ya veipu, yaani sigara za kielektroniki ambazo vijana wetu wanarudi nazo kutoka Dar es Salaam kila Desemba. Ni betri ya lithiamu. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza betri za namna hii mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Zimetupa simu na mwanga usiku. Lakini ikijaa, seli moja ina volti 4.2, na nguvu iliyobanwa humo haifanani kabisa na ile ya betri ya redio ya mama.

Mpwa wangu alitoka kulala akiwa anapiga miayo. "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia, nikamwonyesha ilipo betri yake. Akacheka kidogo. "Betri si ni betri tu, mjomba?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike.

Niseme wazi kwanza: sipendi veipu. Nikotini ni nikotini hata ikitiwa harufu ya embe, na Uganda ilizipiga marufuku sigara hizi katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Mpwa wangu anasema ameingia huko ili aachane na sigara za kawaida. Nimemwambia ninachofikiri na tutaendelea kuzungumza. Lakini kijana kupoteza vidole au meno si adhabu ya haki kwa kosa la kuvuta. Anayo veipu tayari, kwa hiyo ajue amebeba nini.

Yake ni bomba la chuma lisilo na sakiti yoyote, aliuziwa na rafiki. Unatia seli, unabonyeza kitufe, umeme unatoka moja kwa moja kwenda kwenye koili inayochemsha fleva. Hakuna kitu katikati cha kusema "basi". Zile za kisasa zenye skrini huwa na kifaa cha ndani kinachopima na kukata umeme mambo yakiharibika. Bomba kama la mpwa wangu linategemea akili ya mtumiaji peke yake, na mgeni wa mambo haya hastahili kuanza nalo. Ukiniuliza, hastahili hata kuligusa.

Nilimweleza kwa ndiva, kwa sababu amekulia mlimani na anazijua. Ndiva ni bwawa letu la Upareni: maji ya kijito hujikusanya usiku, asubuhi tundu linafunguliwa, yanashuka kwenye mifereji hadi mashambani. Kuna mambo mawili ya kuuliza kuhusu ndiva: imebeba maji kiasi gani, na ukifungua tundu kwa upana gani ukuta utabomoka. Yale maandishi ya mAh kwenye seli ni kiasi cha maji. Upana wa tundu ambao ukuta unaweza kuuvumilia ni ampea, na huo mara nyingi hauandikwi kabisa.

Koili yake ina ukinzani wa omu 0.15. Gawanya volti 4.2 kwa 0.15 upate ampea 28. Chaja ya kawaida ya simu hutoa kama ampea 2. Seli aliyokuwa nayo ilichomolewa na fundi kutoka pakiti ya laptopu iliyokufa, na seli za laptopu zimetengenezwa kutoa umeme taratibu. Nyingi hazifai kuzidishwa ampea 5 hadi 10. Alikuwa anafungua lango zima la ndiva yenye ukuta wa udongo, tena mbele ya uso wake. Zipo seli zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zinazohimili ampea 20 na zaidi mfululizo, lakini zinatoka kwa viwanda vichache vinavyoaminika, na karatasi za vipimo vyake zinasomeka. Ukiona seli imeandikwa 9900 mAh, iache. Seli za ukubwa huu kutoka kampuni kubwa zimeishia karibu 3,500 kwa miaka mingi. Aliyedanganya kwenye namba hiyo hana sababu ya kusema kweli kwenye nyingine.

Na kufa kwa seli hiyo? Fundi aliipima kwa mita akakuta volti 1.4, akaishtua. Tunalijua neno hilo; betri ya simu iliyozimika inaguswa na umeme wa nje kidogo mpaka ikubali kuchaji. Seli ya lithiamu ikishuka chini sana ya volti 2.5 na kukaa hivyo, shaba iliyomo ndani inaweza kuanza kuyeyuka. Ukiilazimisha kuchaji, ile shaba inarudi kuganda vibaya, na inaweza kuota kama miiba. Ndani ya kopo hilo kuna tepu mbili ndefu zilizokunjwa pamoja kama mkeka, zimetenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, zimeloweshwa kimiminika kinachowaka kama spiriti. Mwiba mmoja ukitoboa utando, tepu zinagusana. Joto linapanda, utando unayeyuka kwenye nyuzi kama 130, na kuanzia hapo seli inajichoma yenyewe.

Wazee wa Upareni walikuwa wafua chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa, na bila mivukuto ya kupuliza hewa tanuri lao lilizima. Moto wa seli hii hauhitaji mvukuto. Kemikali zilizomo zinapovunjika kwa joto huachia oksijeni zao wenyewe, ndiyo maana ukiufunika kwa blanketi unaendelea chini ya blanketi. Mwaka 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai ikiwa imebeba shehena kubwa ya betri za lithiamu; moto uliwaka mahali pa mizigo na marubani wote wawili walikufa. Moto wa namna hii ndio sababu abiria hukatazwa kuweka pawabenki, veipu na betri za akiba kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Zinakaa nawe, ambapo moshi utaonekana mapema. Marekani peke yake, ripoti ya idara yake ya zimamoto ilihesabu matukio 195 ya veipu kuwaka au kulipuka kati ya mwaka 2009 na 2016.

Mimi mwenyewe niliyaona haya kabla ya kuyasoma. Miaka kadhaa iliyopita nilikuja huku mwezi wa Julai, baridi ya kukata masikio, nimevaa koti zito. Mfuko mmoja ulikuwa na funguo, sarafu na seli ya akiba ya tochi. Watu hudhani umeme wa seli hii uko kwenye ncha mbili tu, kumbe kopo zima, kuanzia kitako hadi karibu na kichwa, ni upande wa hasi. Kinachokulinda ni lile ganda jembamba la plastiki, na pete ndogo ya karatasi kichwani. Ganda la yangu lilikuwa limekwaruzika. Nilisikia ujoto pajani, nikaufurahia kwa sekunde mbili tatu kwa sababu ya baridi. Kisha ukachoma. Nilitia mkono nikashika ufunguo, nikauachia. Nilivua koti nikalitupa kwenye majani yenye umande. Seli haikulipuka. Vidole viwili vilitoka malengelenge, na kwenye ufunguo wa geti kuna kidonda cheusi kilichochimbwa na cheche. Ninao mpaka leo. Nilimpa mpwa wangu aupapase kwa kidole.

Hapo ndipo aliacha kucheka.

Kwa hiyo seli isiyo ndani ya kifaa isikae mfukoni wala mkobani bila kifuko chake cha plastiki. Kisipopatikana, kichupa cha plastiki cha vidonge kinatosha. Ganda likichanika, hata kidogo, seli haitumiki tena. Wako mafundi wa kulibadilisha, lakini mgeni asijaribu. Ikianguka ikabonyea, imekwisha. Usiichaji ukiwa umelala, wala juu ya godoro au chini ya mto. Huku kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na chaja nyingi za bei ya chini hazijui kuacha seli inapofika volti 4.2. Weka chaja juu ya saruji tupu au kigae, mbali na pazia, ukiwa macho, na ukigusa seli ukaikuta ya moto, si vuguvugu, chomoa. Mekoni ambako tunapenda kuacha simu zipate joto si mahali pake. Wala mbele kwenye dashibodi ya gari: jua la huko bondeni, Makanya, kwenye mashamba ya mkonge, si hili la Chome.

Ikianza kutoa mlio wa kufoka au harufu tamu ya kemikali, watoe watoto kwanza. Moshi wake ni sumu. Kama imechomekwa, zima umeme kwenye swichi kubwa, kisha mwagia maji mengi ukiwa mbali. Kwa seli ndogo za namna hii maji yanasaidia kwa sababu yanapoza. Zimamoto ni 114, piga, lakini sote tunajua gari likitoka bondeni lina milima ya kupanda. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka, dakika 20 nzima, asipakwe dawa ya meno wala mafuta wala yai, na akifika zahanati mseme kwamba ni betri, kwa sababu kimiminika chake huchoma ngozi hata baada ya moto kuzimika.

Kinachonisumbua zaidi ni zinapoishia. Takataka zetu huku tunazichoma shimoni nyuma ya nyumba, na shimo la mama liko hatua chache kutoka kwenye migomba. Juu yake unaanza msitu wa hifadhi ya Chome, unaopanda hadi kilele cha Shengena, karibu mita 2,460, na kiangazi majani ya pembeni hukauka kama karatasi. Seli iliyotupwa shimoni itakutana na kiberiti siku moja. Chooni nayo si mahali pake, maji yetu yanatoka mlima huu huu. Nilifunga ncha za ile seli kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, nikaitia kwenye kichupa cha vidonge vya presha vya mama, nikaandika juu "MBOVU". Nitashuka nayo mjini, nikamwachie muuza vifaa vya umeme anayepokea betri chakavu. Mpwa wangu alilifungua lile bomba lake na kuliacha tupu mezani hadi siku ya safari.

Jioni umeme ulikatika. Mama, ambaye mchana kutwa alikuwa ametusikiliza akichambua maharage bila kusema neno, aliingia chumbani kwake. Tulisikia kitanda kikilia. Akarudi na tochi yake ya kuchaji, ile ambayo kila usiku hulala nayo chini ya godoro, ikiwa imewaka, akainyoosha kwangu.

"Na hii?"

Niliifungua kitako mbele ya mshumaa. Seli iliteleza ikaingia kiganjani mwangu, ya bluu, 18650. Mpwa wangu akasogeza mshumaa nyuma, kisha akaanza kulikagua ganda polepole, huku bibi yake amemwinamia begani.