Tatizo la Handibreki Haliko Chini ya Wenzo

“Nimekaza waya wa handibreki, ikashika kwa muda, sasa gari linateleza tena. Nikaze kiasi gani safari hii?” Naletewa swali hili na wenye Corolla, wenye Carina, wenye RAV4 za miaka ya 1990, na jibu langu halibadiliki: usikaze. Legeza. Legeza waya wote, piga jeki, toa magurudumu ya nyuma, fungua dramu utazame kilichomo. Ugonjwa uko huko, na kila unapokaza waya unauongezea nguvu.

Kwenye mji wa tambarare mtu anaweza kuishi miaka na handibreki mbovu asijue. Kigali hapana. Bonde la Nyabugogo liko chini ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Mlima Kigali kinapita mita 1,800, na katikati yake watu wamejenga nyumba, shule na maduka. Gari la kilo 1,200 likiegeshwa kwenye mteremko wa asilimia 10 huvutwa kwenda chini kwa uzito wa kama kilo 120. Mteremko ukifika asilimia 20, uzito huo unakuwa kilo 235. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari madogo zinataka handibreki ishike gari lenye mzigo kamili kwenye mwinuko huo wa asilimia 20, likitazama juu au chini, bila dereva kuvuta wenzo kwa nguvu inayozidi niutoni 400, yaani takriban kilo 40. Kwa hiyo mtu anaponiambia handibreki yake “inashika kidogo”, ninachosikia ni kwamba haishiki.

Sasa huu waya. Unalaumiwa kwa sababu unafikika. Nati yake mara nyingi iko chini ya kava ya wenzo, inahitaji spana moja na dakika tano, na hakuna gurudumu linalotolewa. Fundi anakaza, mteja anavuta, wenzo unakuwa mgumu, mteja anafurahi na kulipa. Ugumu huo ndio unaomdanganya. Ni sawa na kumkazia mkanda mtu ambaye suruali yake imechanika.

Waya wa chuma haurefuki sentimita kadhaa kwa sababu ya uzee. Ukiwa mpya hutanuka kidogo, kisha basi. Kinachobadilika ni breki shuu. Zinapolika, nafasi kati yake na dramu inapanuka, na wenzo unalazimika kupanda zaidi ndipo zibane. Waliounda gari walilijua hilo, wakaweka ajasta ndani ya dramu: gurudumu dogo lenye meno juu ya skrubu, linalojizungusha lenyewe na kuzisogeza shuu karibu na dramu kadiri zinavyolika. Kwenye Toyota nyingi za dramu, kinachoisukuma ajasta hiyo ni mkono mdogo wa chuma uliofungwa kwenye shuu, ule ule unaovutwa na waya wa handibreki. Mkono ukivutwa kisha ukarudi hadi mwisho wake, ajasta inapata mwendo wa kuruka jino, na nafasi inazibwa.

Kaza waya uone kinachotokea. Mkono ule haurudi tena hadi mwisho, unabaki umevutwa nusu hata wenzo ukiwa chini kabisa. Ajasta inakosa mwendo, inasimama, na kwa vumbi letu la udongo mwekundu inashika kutu hapo hapo. Shuu zinaendelea kulika na hakuna kinachozifuata. Mwezi unaofuata handibreki imelegea, unakaza tena, mkono unavutwa zaidi. Mwishowe mkono unamaliza mwendo wake wote kabla shuu hazijabana sawasawa, nati imefika mwisho wa uzi, na mwenye gari anaambiwa anunue waya mpya. Anaununua. Unafungwa juu ya ajasta ile ile iliyokufa, na kilichofanyika ni kuanza mzunguko upya kwa gharama yake.

Kuna madhara mengine ambayo wenye magari hawayahusishi na nati ile. Upande ambao shuu zake hazijalika sana hugusa dramu gari likiwa linatembea, unapata moto, na uso wa shuu unakauka na kung’aa kama kioo. Shuu ya namna hiyo haishiki hata ukivuta kwa mikono miwili. Na kwa kuwa ajasta hiyo hiyo ndiyo inayohudumia breki ya mguu kwenye magurudumu ya nyuma, pedali nayo inaanza kushuka chini kuliko kawaida. Mtu anakuja kulalamikia breki mbili, na chanzo ni kimoja.

Wenye diski nyuma wasidhani wamesalimika. Kwenye Volkswagen Golf za kizazi cha nne waya unavuta mkono ulio kwenye kalipa, na mkono huo usiporudi hadi kwenye kizuizi chake, kalipa haijirekebishi. Kosa ni lile lile. Kwenye Prado na Santa Fe nyingi kuna dramu ndogo imefichwa katikati ya diski, yenye shuu zake za handibreki peke yake. Hizo hurekebishwa kwa bisibisi kupitia tundu dogo, na nimeona magari yaliyobadilishiwa pedi mara nyingi bila mtu yeyote kulifungua tundu hilo.

Ugonjwa unautambua ukiwa kwenye kiti. Wenzo ukipanda meno mengi bila ugumu, nafasi ya shuu imepanuka. Ukiwa mgumu tangu meno mawili ya kwanza na gari bado linateleza, waya umeshika kutu ndani ya ala yake, jambo la kawaida baada ya mvua za Machi hadi Mei. Gusa rimu baada ya safari fupi, na ile yenye joto kuliko mwenzake ndiyo isiyoachia. Wenzo ukisimama mahali pake na kukaza vizuri lakini gari linaondoka, shuu zimeng’aa au zimelowa mafuta kutoka wili silinda au sili ya ekseli. Shuu zilizolowa hazioshwi kwa petroli. Zinatupwa.

Na wenye otomatiki waache kuniambia kwamba P inatosha. P ni jino moja dogo la chuma ndani ya giaboksi, halikuwekwa libebe gari usiku kucha kwenye kilima kama Rebero. Mlio wa “gdang” unaousikia asubuhi ukitoa P ni uzito wa gari uliokuwa umelilalia jino hilo. Ukiwa umekanyaga breki weka N, vuta handibreki, achia pedali polepole gari lilale juu ya handibreki, kisha ndipo uweke P.

Tiba yenyewe haina siri. Waya ulegezwe kabisa. Ajasta ifunguliwe, isafishwe, itiwe grisi kidogo ya joto kali, izungushwe mpaka gurudumu liguse kwa mbali likizunguka. Shuu zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, pamoja na springi zake. Dramu ipimwe kwa kipenyo cha mwisho kilichoandikwa juu yake. Sili inayovuja ibadilishwe kabla ya shuu mpya kuingia. Waya ulioshika kutu ubadilishwe, usitiwe mafuta ya kubahatisha. Nati ya wenzo ndiyo ya mwisho kabisa, hadi wenzo usimame kwenye meno yaliyotajwa katika kitabu cha gari, ambayo kwa mengi ni kati ya matano na manane. Vumbi la dramu lilowanishwe kwa maji, lisipulizwe kwa upepo, kwani shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto.

Kabla kazi hiyo haijafanyika, egesha ukiwa umeweka gia: ya kwanza ukitazama mlimani, rivasi ukitazama bondeni. Ukitazama chini, geuza magurudumu ya mbele kulia kuelekea ukingo wa barabara. Ukitazama juu na pana ukingo, yageuze kushoto. Kama diski zako za nyuma zimepata moto kwa kushuka mlima na kalipa ndiyo inayoshika, rudi baada ya dakika kumi uvute tena, kwa kuwa diski ikipoa inasinyaa na mbano unapungua. Kazi ikiisha usiridhike na ugumu wa wenzo. Tafuta mahali penye mitambo ya rola inayopima kila gurudumu peke yake, usome namba za kushoto na za kulia, na zikiachana sana gari lirudi kwa fundi siku hiyo hiyo.