Tundu la Ubavuni

Katika makumbusho ya Lamu zimehifadhiwa siwa mbili, pembe kubwa za kupuliza. Moja ni ya shaba, nayo ilikuwa ya Lamu yenyewe. Ya pili ni ya pembe za ndovu, ilitoka Pate, na urefu wake unapita mita 2. Anayezitazama huvutwa kwanza na ukubwa, kisha nakshi, na kwa kawaida hapo ndipo mazungumzo huishia. Lakini karibu na ncha nyembamba, ubavuni, kuna tundu. Hapo ndipo mpiga siwa alipobana midomo yake. Siwa haipulizwi mwishoni kama tarumbeta, bali hupulizwa ubavuni, imekingama mbele ya uso wa mpigaji. Naamini tundu hilo linatuambia mengi zaidi juu ya asili ya ala hii kuliko nakshi zake zote, na kuliko nasaba za watawala waliotembea nyuma yake.

Nasaba hizo zinajulikana. Miji mingi ya pwani hujisimulia kuwa ilianzishwa na watu wa Shirazi, na siwa, kwa kuwa ilikuwa alama ya utawala, imehesabiwa na wengi kuwa sehemu ya mzigo uliokuja na majahazi. Sasa tuwatazame Waajemi na Waarabu wenyewe. Tarumbeta yao ndefu ya heshima, nafiri, hupulizwa mwishoni. Mnamo Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mmoja wa watu wake aliandika jinsi mfalme alivyokuja na wapigaji wengi wa ala ambayo Wareno waliiita anafil, jina lililotokana na hilohilo la Kiarabu. Kando yao aliona pembe mbili za ndovu zenye nakshi, kila moja ikiwa na kimo cha mtu, zinazopulizwa kupitia tundu la ubavuni, na sauti zake zikipatana vizuri na zile nyingine. Ushahidi huu una uzito kwa sababu mwandishi hakuwa na nasaba yoyote ya kutetea pale. Aliona aina mbili za ala katika msafara mmoja, akazitofautisha kwa namna ya kupuliza. Ya mwishoni alikuwa na jina lake tayari; ya ubavuni ilibidi aieleze.

Aina hiyo ya pili ina ndugu wengi, na wote wako upande wa bara. Makondere ya Buganda hutengenezwa kwa vibuyu na hupulizwa ubavuni, na yalikuwa ala za kabaka. Rwanda nako kuna amakondera. Ukienda magharibi hadi Kongo na Benin utakuta pembe za ndovu zilizochongwa na kutobolewa vivyo hivyo, nazo pia ni mali ya nyumba za kifalme. Kwa hiyo pwani haikuazima tu umbo la ala. Fikra yenyewe, kwamba mtawala hutambulikana kwa pembe inayovuma mbele yake, inatuelekeza bara.

Kuna pingamizi moja zito, nalo halihusu nasaba bali linatoka katika ufundi. Pembe ya ndovu ina uwazi upande wa shina tu. Kuelekea nchani ni gumba, imejaa. Fundi anayetaka kupuliza mwishoni lazima atoboe sehemu hiyo ngumu kwa urefu wake, ilhali akitoboa ubavuni anaufikia uwazi kwa njia fupi. Basi huenda tundu la ubavuni halina habari yoyote ya utamaduni, ni kupunguza kazi tu. Hoja hii ingenishinda kama tungekuwa na siwa ya Pate peke yake. Lakini ile ya Lamu ni ya shaba, imemiminwa katika kalibu. Shaba iliyoyeyuka haina ncha gumba. Inafuata umbo lolote analolitaka fundi. Pamoja na uhuru huo wote, fundi wa Lamu alitengeneza mfano wa pembe, akaweka tundu ubavuni. Alifanya hivyo kwa sababu siwa, machoni pake na masikioni pake, ilikuwa hivyo.

Ushahidi wa upande wa pili unatoka pwani ya Sierra Leone. Mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, mafundi wa jamii ya Sapi waliwachongea Wareno pembe za kuwindia, nyingine zikiwa na nembo za kifalme za Ureno. Nyingi kati ya hizo walizitoboa mwishoni, kwa mazoea ya Ulaya. Malighafi ilikuwa ileile na ugumu uleule, ila mteja alibadilika, na tundu likahama.

Mwingine atakumbusha kuwa Ireland ya zama za shaba nyeusi ilikuwa na pembe za kupuliza ubavuni, miaka zaidi ya 2,500 iliyopita. Ni kweli, na ni onyo zuri: wazo hili linaweza kuzaliwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo, anayetafuta asili ya siwa ana majirani wa kuwauliza kabla ya kuvuka dunia.

Haya hayamaanishi kuwa pwani ilijifungia. Zumari lilipokewa, jina lake la Kiarabu likabaki nalo, na leo nani atasema si letu? Ngoma nayo ina jina la Kibantu linalosikika hadi Kongo. Siwa ilivuma katikati ya vyote viwili.

Tena ilivuma kwa gharama. Katika karne ya 10 msafiri wa Kiarabu al-Masudi aliandika kuwa pembe za ndovu za nchi ya Zanji zilikwenda Oman, kisha India na China. Kuzizuia zisisafiri kulikuwa kuacha fedha. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, aliyenyimwa siwa alipotaka kuitumia katika sherehe ya jando nyumbani kwake. Katika bandari zilizozoea vyombo kutoka Arabuni na Uajemi, hakuagiza nafiri kuziba pengo hilo. Aliita fundi, akampa pembe za ndovu achonge siwa nyingine.