Wanafunzi Hodari na Mtahini Mgeni

Mwanafunzi anayelifahamu somo lake mapema kuliko wenzake aghalabu husifiwa, hutunukiwa zawadi siku ya mahafali, na jina lake husomwa mbele ya wazazi. Walakini kazi aliyoifanya tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho ni ile ile iliyofanywa na kila mtu, kwa mwendo ule ule na katika mihadhara ile ile, hata heshima anayopewa ikawa ni jumla ya alama alizokusanya, wala si ushahidi wa taalimu ya namna nyingine. Jambo hilo lilimkera sana Frank Aydelotte, mzaliwa wa Indiana huko Marekani, ambaye mwaka 1905 alikwenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, akawakuta vijana wa umri wake wakijisomea vitabu wenyewe, wakiandika insha na kuzitetea mbele ya mwalimu, kisha wakingojea mtihani mkuu mwishoni mwa masomo yao.

Alipokuwa mkuu wa Swarthmore mwaka 1921, chuo kidogo karibu na Philadelphia kilichoasisiwa mwaka 1864 na Marafiki, madhehebu ya Kikristo ambayo watu wa magharibi ya Kenya wanayajua vyema, Aydelotte hakukawia. Mwaka 1922 alianzisha utaratibu ambao kwao mwanafunzi aliyekubaliwa alisamehewa madarasa ya kawaida na mitihani yake katika miaka miwili ya mwisho, akaingia badala yake katika semina mbili kila muhula, ambamo kikundi kidogo kilikutana mara moja kwa juma, mara nyingi nyumbani kwa mwalimu, na kila mwanafunzi akaja na alichokiandika, tayari kuulizwa na wenzake amekipata wapi na kwa hoja gani.

Semina ni jambo jema, lakini kiini cha utaratibu huu, kwa maoni yangu, ni mtahini. Miaka miwili ilipokwisha, mwanafunzi alitahiniwa kwa maandishi, kisha kwa mdomo ana kwa ana, na wanazuoni walioalikwa kutoka vyuo vingine, watu ambao hawakupata kumfundisha hata siku moja. Na hao, si walimu wake, ndio walioamua kama anastahili heshima, au heshima kubwa, au heshima iliyo kubwa kupita zote. Fikiri hukumu hiyo inavyobadilisha mambo ndani ya semina: mwalimu, madhali hatoi alama tena, huacha kuwa kadhi, akawa nahodha aliyepanda chombo kimoja na abiria wake, nao hawana haja ya kumpendeza kwa kumrudishia maneno yake mwenyewe, maana mgeni atakayewauliza huenda ana rai iliyo kinyume kabisa na ya mwalimu. Humo ndimo kijana anapojifunza kusimama juu ya dalili alizozichunguza mwenyewe.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hata leo, kwamba kuwatenga wachache ni kuvunja usawa. Hoja hiyo haidharauliki, hasa pale ambapo mtoto wa tajiri alifika chuoni akiwa amesomeshwa vizuri zaidi tangu utotoni. Lakini Aydelotte alishikilia kwamba kuwaendesha watu wote kwa hatua moja ni kumdhulumu aliye tayari kwenda mbali, na mimi namwunga mkono, kwa sharti kwamba mlango ubaki wazi kwa kila atakayeonyesha uwezo wake chuoni, bila kujali alitoka shule gani.

Mtahini wa nje si mgeni kwetu Afrika Mashariki: tangu mwaka 1949, Makerere ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London na kuanza kutayarisha wanafunzi kwa shahada zake, kazi za wanafunzi wetu zimepimwa na macho ya mbali. Ila mtahini wetu aghalabu huletewa karatasi zilizokwisha kusahihishwa, athibitishe kuwa alama zilitolewa kwa insafu, ilhali mwanafunzi mwenyewe hamwoni. Na heshima ya daraja la kwanza, ambayo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huanzia wastani wa 4.4 kati ya 5, hubaki kuwa jambo la hesabu. Madhali nauli na posho ya mgeni huyo zimekwisha kulipwa, idara moja ingeweza kuanza na wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho na semina moja, na mtahini akaongezewa siku moja ya kuketi nao, mmoja baada ya mmoja. Gharama iliyo nzito ni saa za mwalimu, kwa sababu anayesahihisha mamia ya karatasi kila muhula hana jioni ya kuwapa wanane. Kwa hiyo chuo kitakachotaka semina hiyo idumu hakina budi kuihesabu katika zamu zake za kufundisha, wala kisiiache itegemee hisani ya mwalimu.